Majina ya vyuo yametoka na lako halimo: mwongozo wa kusubiri kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Jioni moja simu zinaanza kuita. Mmoja kaona jina lake, mwingine katuma picha kwenye grupu la darasa, wa tatu anauliza, "Na wewe je?" Wewe umekaa barazani Newala au Nachingwea, bando limebaki la kufungua kurasa mbili tatu, na ukurasa wa chuo unazunguka tu. Unapofunguka unakuta hujachaguliwa. Au unakuta maneno yanayotatiza zaidi: sifa unazo, lakini nafasi zimejaa.

Nakuandikia wewe, mdogo wangu. Nyumbani ni Masasi, na kila mwaka kuanzia Agosti hadi Oktoba nakaa na watoto wa majirani na karatasi zao za matokeo. Mimi pia nilikaa benchi hilo la kusubiri. Awamu ya kwanza sikupata chuo, ya pili nikapata, na majuma yale ya katikati nayakumbuka siku kwa siku.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili. Ukisikia ndugu walioko nje wanazungumzia orodha ya kusubiri, fahamu kwamba utaratibu wao si huu wetu. Marekani chuo kinaweza kulihifadhi jina lako pembeni. Waliochaguliwa wengi hutakiwa kujibu ifikapo tarehe 1 Mei, na viti vikibaki, chuo kinamwita aliye kwenye orodha. Kwetu hakuna anayekuita. Awamu ya kwanza ikipita bila jina lako, unaomba tena awamu ya pili, mwenyewe, kwa kuingia kwenye mfumo na kuchagua upya. Nimeona vijana wenye matokeo mazuri wakikaa nyumbani Septemba nzima wakiamini chuo kitawafikiria, dirisha likafungwa wakiwa wamekaa.

Hatua ya 1: Simu na nywila viwe mikononi mwako

Hii ni ya kabla majina hayajatoka, na ndiyo inayoangusha watu wengi huku kwetu.

Wengi tunaombea chuo steshenari. Hakuna ubaya. Mtandao wa vijijini unasumbua, na wale vijana wa steshenari wameizoea mifumo ya vyuo. Ubaya ni kuondoka pale bila kujua umeandikishwa kwa namba gani. Mwaka wangu, niliyemlipa aliweka namba yake ya simu na baruapepe yake, kwa sababu sikuwa na simu na foleni ilikuwa ndefu. Ujumbe wa chuo ulipokuja, ulikwenda kwake. Naye alikuwa shambani kwao ambako mtandao haufiki. Niliupata siku ya tatu, kaka yangu alipomfuata kwa pikipiki.

Kwa hiyo usitoke steshenari mpaka uwe umeandika kwenye daftari lako, kwa mkono wako: namba ya simu iliyotumika, baruapepe iliyotumika na nywila yake, jina la kuingilia na nywila ya kila chuo, pamoja na namba zako za mtihani wa kidato cha nne na cha sita kama zilivyoingizwa. Huna simu? Tumia laini ya mama au ya shangazi, mradi ni simu inayolala nyumbani na inayochajiwa. Usibadilishe laini hadi uwe umesajiliwa chuoni.

Kama uko JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, au unakwenda, hatua hii inakuhusu mara mbili. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa makambini kuanzia mwezi wa Juni, na matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, hutoka Julai wengi wakiwa huko. Kijana wa Tandahimba anaweza kupangiwa Bulombora, Kigoma, na kupiga simu nyumbani si jambo la kila siku. Mwachie mtu mmoja daftari lile na orodha ya kozi unazotaka kwa mpangilio. Nasema mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja ataomba anavyojua yeye, na utarudi kukuta umeombewa mara mbili kwa namba mbili za simu.

Hatua ya 2: Soma jibu lako mpaka mwisho

Neno "hujachaguliwa" linauma, na mtu akiumia hasomi tena kilichoandikwa chini yake. Rudi ukasome kesho yake asubuhi.

Kama sababu ni kukosa sifa, tatizo ni la kozi uliyochagua au la matokeo. Kwa aliyemaliza kidato cha sita miaka ya karibuni, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinakufikisha. C na E pia zinakufikisha. Lakini kozi nyingine zina masharti yao juu ya hapo: udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu, kila moja isiwe chini ya D.

Kama sababu ni ushindani au nafasi kujaa, hilo ndilo benchi lenyewe. Sifa unazo. Waliokuzidi pointi walikuwa wengi kuliko viti. Hapo usianze kujiona mjinga, wala usimwache mtu akuambie hivyo. Mwenye D tatu za sayansi ana sifa ya kuomba udaktari kwa mujibu wa mwongozo wa udahili, lakini anapanga foleni moja na wenye A na B wa nchi nzima.

Viti vya awamu ya pili vinatoka wapi? Mwombaji anaruhusiwa kuomba vyuo kadhaa, na mwenye matokeo makubwa huchaguliwa na vyuo viwili, vitatu, hata zaidi. Anatakiwa athibitishe kimoja tu. Akishathibitisha, vile vingine anaviachia. Kwa hiyo kozi iliyoonekana imejaa mwisho wa Agosti inaweza kuwa na nafasi Septemba. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutangaza kalenda ya awamu hizi kila mwaka. Kwa kawaida dirisha la kwanza hufunguliwa Julai na kufungwa Agosti, majina yakatoka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kisha dirisha la pili likafunguliwa kwa muda mfupi. Awamu ya tatu ikiwepo, huwa fupi zaidi. Andika tarehe ya kufungwa ukutani, kisha jiwekee tarehe yako wewe, siku nne kabla ya hiyo. Umeme ukikatika na mtandao ukigoma siku ya mwisho, utakuwa umeshamaliza.

Hatua ya 3: Hela, kabla kangomba hajabisha hodi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mwongozo wa Dar es Salaam utakaokuambia haya.

Kalenda ya chuo na kalenda ya korosho hazipatani. Maombi yanataka hela Julai, Agosti na Septemba. Korosho inaanza kulipa minada ikifunguliwa Oktoba, na kuna siku za kusubiri tena kati ya mnada na hela kufika kwenye akaunti ya mkulima kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Miezi ile unayohangaika na chuo, baba ndiyo kwanza anahangaika na salfa, mafuta ya bloa, mashine ya kupulizia dawa, na vibarua wa kupulizia. Nyumba za ufuta, Ruangwa, Liwale, Kilwa, zina nafuu kidogo kwa kuwa ufuta huuzwa mapema, Juni na Julai, lakini mpaka Septemba hela ile imeshakuwa bati au imelipa deni.

Ndipo anapokuja mnunuzi wa kangomba. Anajua nyumba ipi ina mtoto wa kidato cha sita. Anatoa hela taslimu leo, achukue korosho ambazo bado ni maua mtini, kwa bei ambayo kila mtu hapo barazani anajua ni ya kuumizwa. Biashara hiyo imekatazwa, lakini mzazi mwenye aibu na hofu hasikii katazo. Nimemwona mama mmoja wa kijijini kwetu akiachia magunia ya msimu mzima kwa sababu alidhani mtoto "akikosa awamu hii basi tena" na kwamba ada yote inatakiwa mwezi huo huo.

Kaa na wazazi uwape hesabu halisi. Kuomba awamu ya pili ni ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni kama shilingi 10,000 kwa chuo, pamoja na nauli ya kwenda mjini na malipo ya steshenari. Vyuo viwili havikufikishi kwenye kuuza shamba. Ada ya masomo haidaiwi siku jina linapotoka. Inadaiwa wakati wa kusajiliwa, masomo yakianza Oktoba au Novemba, na vyuo vingi vinapokea kwa mafungu. Piga simu ofisi ya udahili ya chuo husika, uliza mafungu ni mangapi na la kwanza ni kiasi gani, uandike jibu, umwonyeshe baba.

Ile hela ndogo ya maombi itafute mapema na iwe yako. Kibarua cha kupalilia chini ya mikorosho, jogoo mmoja sokoni, sufuria ya ming'oko ya kuchemsha pale stendi. Aliyeitenga Julai haangaiki Septemba.

Hatua ya 4: Kuwaambia wazazi

Usikae nalo siku mbili. Wataambiwa na mtoto wa jirani, na hapo litakuwa kubwa kuliko lilivyo. Subiri wawe wamekula, usiwaambie wakiwa wametoka tu shambani. Mimi nilimwambia baba hivi, na mpaka leo nawafundisha wengine wasiongeze maneno:

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Majina ya vyuo yametoka. Awamu hii jina langu halimo. Wamesema sifa ninazo ila nafasi zimejaa. Kuna awamu ya pili, inafungwa tarehe fulani. Nimeshaangalia kozi tatu. Naomba kesho niende mjini nikaombe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Nauli unayo?" Basi. Mzazi anachotaka kujua ni kama kuna njia. Ukimpa habari mbaya pamoja na tarehe na hatua inayofuata, utamwona anatulia.

Kwa majirani na wajomba wanaouliza "umechaguliwa wapi?", jibu moja linatosha: "Bado, naomba awamu ya pili." Huhitaji kueleza pointi zako kisimani.

Hatua ya 5: Chagua upya, usirudie ulichochagua

Kosa la awamu ya pili ni kuomba kozi zilezile, vyuo vilevile, kwa matumaini kwamba safari hii watakuona. Vyuo hutangaza kozi zilizobaki na nafasi. Anzia hapo.

Kisha fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU. Hutolewa kila mwaka na hupakuliwa bure. Hakikisha ni toleo la waliomaliza kidato cha sita, kwa sababu wenye stashahada wana la kwao. Watu husoma safu ya sifa tu. Soma na safu ya idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi 50 na kozi yenye nafasi 400 si foleni moja, hata kama masharti yake yanafanana.

Gawa maombi yako: moja unayoitamani kweli na bado ina nafasi, nyingine ambayo pointi zako zimezidi kiwango kwa mbali kidogo, na ya tatu ambayo una uhakika nayo na uko tayari kuisoma. Nasisitiza hilo la mwisho. Kama huwezi kuisoma miaka mitatu, usiiweke, kwa sababu ndiyo inayoweza kukupata.

Usidharau vya karibu. Mtwara mjini kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu na ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Kusoma ukiwa unalala kwa shangazi Mtwara kunapunguza gharama ya chumba na chakula, na kwa familia nyingi gharama hiyo ndiyo inayomtoa mtoto chuoni mwaka wa pili, hata kuliko ada.

Aliyetaka afya akakosa shahada, aangalie stashahada kupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada. Huku kusini tuna vyuo vya afya vyenye historia, vingine vimejengwa kando ya hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Mwenye stashahada nzuri anaweza kurudi kuomba shahada baadaye, akiwa tayari ana taaluma mkononi.

Hatua ya 6: Mkopo usisubiri jina

Bodi ya Mikopo, HESLB, ina dirisha lake, na halikusubiri wewe upate chuo. Omba mkopo dirisha likiwa wazi hata kama bado uko benchini. Kinachochelewesha ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha mzazi hivyohivyo kwa aliyefiwa. Fomu inataka sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na ya hakimu au wakili. Ukikaa kijiji cha mbali, panga zote ziishe kwa safari moja ya mjini. Kagua jina lako herufi kwa herufi: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi na cha NECTA kinasema Said, shughulika nalo sasa.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Majuma mawili au matatu ya kusubiri ni marefu. Nakwambia nilichofanya na ninachowaona wengine wakifanya kikawasaidia.

Angalia mfumo mara moja kwa siku, saa moja maalumu. Mimi ilikuwa baada ya magharibi, mtandao ukiwa umetulia. Muda mwingine simu iwe ya kawaida. Grupu la darasa linyamazishe kwa siku hizo, bila kujitoa, maana taarifa za kweli hupita huko pia. Usiwachukie waliopata. Mmoja wao ndiye atakayekupokea stendi ukishuka na begi lako.

Fanya kazi inayochosha mwili. Septemba mashamba yanasafishwa chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Ingia shambani asubuhi na wenzako. Nilikuwa nalia usiku, sikufichi, lakini siku nilizoshika jembe nililala. Ukiona siku zinapita huli, huzungumzi, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, na mwende kituo cha afya. Hilo si la kusubiri awamu.

Na atakayekupigia akisema ana kiti chako chuoni kwa shilingi laki moja, kata simu. Nafasi haziuzwi. Maombi unayatuma kwa chuo mwenyewe, na malipo halali yanapitia kumbukumbu namba inayotoka kwenye mfumo wa chuo, hayaendi kwenye laini ya mtu.

Hatua ya 8: Awamu zote zikipita

Inatokea. NACTVET huwa na udahili wa Machi kwa baadhi ya kozi, kwa hiyo uliza vyuo vya stashahada mwezi wa Desemba. VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi stadi, ipo Mtwara na Lindi. Walio chini ya pointi 4 wanaweza kuangalia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Anayetaka kurisiti ajue kwamba usajili wa NECTA kwa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei. Nenda kituoni ukaulize mapema, usingoje Januari.

Hatua ya 9: Ukipata, thibitisha upesi

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu au baruapepe. Unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unaiweka, unathibitisha. Isipofika, ingia kwenye mfumo wa chuo hicho uombe kutumiwa upya. Piga picha ukurasa unaoonyesha umethibitisha, uihifadhi na kwa mtu wa pili.

Usikae na vyuo vitatu mkononi mpaka saa ya mwisho ukipima kipi kina jina kubwa. Vile viwili usivyovitaka kuna mtoto wa Liwale ameketi barazani na daftari lake, anavisubiri.